Kijitabu cha haki za mtoto: picha zinapendeza, ila usimwachie mtoto peke yake

Nilikinunua shilingi 3,000 kwenye duka moja la vifaa vya shule pale Mwanga, nikakiweka juu ya meza ya cherehani hapa kwangu Ujiji. Watoto wanaosubiri sare zao huwa wananishikia mkasi. Bora washike kitabu. Karatasi ni ngumu, rangi zimekolea, na mpaka sasa kimehimili vidole vyenye mawese.

Shida ipo kwenye ukurasa wa kazi. Wamechora mtoto kajitwika ndoo, halafu X kubwa nyekundu juu yake. Binti wa darasa la pili akaitazama weee, akasema, "Bibi, huyu amekosa." Amekosa nini? "Labda maji yamemwagika." Sasa utamlaumu? Kwenye daftari lake, mwenye X ndiye mkosaji. Mchoraji alitaka kumsema anayemtwisha, lakini mkubwa huyo hata hayupo pichani. Halafu ndoo yenyewe ndogo! Huku kwetu nani hakuchota maji utotoni? Sheria ya Mtoto ya 2009 haikatazi mtoto kusaidia nyumbani, inakataza kazi zinazomdhuru afya au kumnyima masomo. Wangechora mtoto anaanika dagaa Kibirizi huku wenzake wakipita na mabegi kwenda shule, wala nisingeulizwa swali.

Haki ya kupumzika nayo wamechora mtoto kalala kitandani, jua linawaka dirishani. Wote kwa pamoja: anaumwa. Mmoja akauliza kama ameshakunywa dawa.

Ukurasa wa cheti cha kuzaliwa ndio nimeupenda. Mama, mtoto mgongoni, karani na karatasi yenye muhuri, basi. Kijana mmoja mdogo akaweka kidole kwenye ule muhuri: "Bibi, mimi changu kiko wapi?" Sikuwa na jibu. Mama yake alipokuja kuchukua kaptula, swali likamkuta palepale mlangoni, akabaki anacheka kwa aibu. Picha hiyo haikuhitaji mtu wa kuifafanua.

Kurasa za mwanzo wamezijaza habari za Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 na vifungu vyake 54. Watoto wanaziruka. Nimezisoma mwenyewe, na si vibaya, maana kifungu cha 42 kinazitaka nchi ziutangaze kwa wakubwa na wadogo. Ila namba 116, ambayo mtoto anapiga bure akipata matatizo, wameibana chini ya jalada la nyuma kwa herufi za sisimizi, hata kwa miwani nilihangaika.

Kinawafaa wa darasa la kwanza mpaka la tatu, mkubwa akiwa pembeni. Wa darasa la tano walikifunua haraka haraka wakarudi kwenye mkasi wangu. Kwa bei ile sijuti, lakini wakichapa tena waondoe hizo X, na 116 waiweke kila ukurasa.