Banda la Mwanga lenye ubao wa riadha

Kwa mtu wa Kigoma mjini anayependa riadha, banda la kwenda kuangalia runinga ni moja tu: lile la Mwanga, nyuma ya mafundi cherehani, lenye mlango wa bati na ubao mweusi ukutani. Kwingine utalipa kiingilio, utakaa, halafu mbio zikibakiza mzunguko mmoja mtu anabadilisha stesheni kwa sababu kuna marudio ya mechi ya juzi. Banda lenyewe halina jina. Watu wanasema "kwa Mzee wa Ubao", ingawa huyo mzee nadhani hata miaka arobaini hajafika.

Nianze na ubao, maana ndio unaonirudisha pale. Runinga kubwa siku hizi kila banda linayo. Huyu bwana, kila wiki viwango vya dunia vikitoka, anaketi na simu yake, anashika chaki na kuandika Watanzania wako wapi. Ana safu tatu. Ya kwanza ni muda, yaani rekodi za taifa. Ya pili ni medali. Ya tatu ni pointi za World Athletics, shirikisho la riadha la dunia, na hiyo ndiyo anayoifuta na kuiandika upya mpaka ubao upande ule umegeuka kijivu.

Safu ya kwanza pekee inatosha kukukalisha saa nzima. Mita 1,500: Filbert Bayi, 3:32.16, Christchurch, 1974. Siku ile ilikuwa rekodi ya dunia, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, na Bayi aliongoza tangu mwanzo hadi utepe huku John Walker wa New Zealand akimfukuza. Chini yake, mita 3,000 kuruka viunzi na maji: Bayi tena, 8:12.48, Moscow, 1980. Chaki hiyo haijaguswa kwa sababu hakuna Mtanzania aliyeipita mpaka leo. Kijana aliyekaa karibu yangu aliuliza kama ile 1974 ni mwaka au ni namba ya mkimbiaji. Mwenye banda akamjibu, "Ni mwaka, mdogo wangu. Baba yako alikuwa hajaoa." Ukishuka kwenye marathoni ndipo unakuta chaki mpya: Gabriel Geay, 2:03:00, Valencia, 2022, wa pili nyuma ya Kelvin Kiptum wa Kenya; na kwa wanawake Magdalena Shauri, 2:18:41, Berlin, 2023, wa tatu. Kwa hiyo uwanjani tumelala tangu enzi za Mwalimu Nyerere, barabarani ndiko tuko macho.

Hapo hapo nina ugomvi. Mstari wa Magdalena umebanwa kwenye kona ya chini, herufi ndogo, juu kidogo ya bei ya soda. Nimemwambia mwenye banda, kaka, mwanamke aliyepanda jukwaa la Berlin hawekwi na soda. Anacheka tu, habadilishi. Nyota moja naikata kwa hilo peke yake.

Safu ya pointi inawachanganya wengi, na mwenye banda hachoki kuieleza, hata kwa mtu aliyeingia kujikinga mvua. Pointi haziangalii nani amewahi kukimbia haraka zaidi maishani. Kila mbio zinampa mkimbiaji pointi za muda wake, zinaongezwa pointi za nafasi aliyoshika, na nafasi kwenye mashindano makubwa inalipa zaidi ya nafasi kwenye mbio za mtaani. Kwenye marathoni wanachukua mbio mbili bora za miezi 18 iliyopita, basi. Ndiyo maana ile 2:03:00 ya Geay inakaa kwa heshima safu ya kwanza, lakini safu ya tatu haimsaidii tena, muda wake ulishapita. Mzee mmoja wa Ujiji alikataa kabisa. Alisema huo ni wizi, mtu akikimbia amekimbia. Wakabishana mpaka kahawa ikapoa.

Sasa usiku wenyewe. Marathoni ya wanaume ya mashindano ya dunia ya Tokyo ilianza saa 1:30 asubuhi kwa Wajapani, kwetu saa 7:30 usiku wa kuamkia Jumatatu, 15 Septemba 2025. Banda lingine lolote lingefunga. Huyu alifungua, na aliijua biashara yake: mbalamwezi ilikuwa imepungua, mitumbwi iko ziwani, na sisi tunaonunua dagaa na mgebuka alfajiri kwenye mwalo wa Kibirizi hatulali usiku kama ule. Tulijaa wachuuzi, madereva wa bodaboda, na walinzi wawili ambao sijui lindo lao walimwachia nani.

Mimi nilikimbia mita 800 kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, sikufika mbali, ila jicho la mbio ninalo. Alphonce Simbu alikaa kwenye kundi kama mtu asiye na haraka. Wenye pupa walikuwa wanampigia kelele aondoke, na mimi nilikuwa nawanyamazisha, maana joto la Tokyo halitaki ujuaji. Waliingia uwanjani watatu karibu karibu: Amanal Petros wa Ujerumani, Iliass Aouani wa Italia na mtoto wetu wa Singida. Petros alikuwa mbele kwenye mita za mwisho. Simbu akamfuata, akamfuata, Petros akajirusha akaanguka juu ya mstari. Wawili hao wote 2:09:48. Banda zima halikujua nani kashinda mpaka picha ya mstari wa mwisho ilipotolewa: Simbu, kwa tofauti ya sekunde 0.03. Mbio za mita 100 za wanaume zilizokimbiwa usiku uliotangulia ziliamuliwa kwa sekunde 0.05, Oblique Seville mbele ya Kishane Thompson. Marathoni ilikuwa nyembamba kuliko mita 100! Walinzi walikumbatiana.

Mwenye banda alipanda kwenye benchi, akaandika safu ya pili: dhahabu. Ya kwanza kwa Tanzania kwenye mashindano ya dunia. Juu yake kulikuwa na fedha ya Christopher Isengwe, Helsinki 2005, na shaba ya Simbu huyo huyo, London 2017, na juu zaidi fedha mbili za Olimpiki, zote za Moscow 1980, Bayi na Suleiman Nyambui wa mita 5,000.

Lakini kilichonifanya niandike ni kilichofuata mashindano yalipoisha. Dereva mmoja wa boda alikuja na jedwali la medali kwenye simu, anapiga kelele, "Tumewapita Ethiopia!" Na kweli, kwa jedwali lile tulikuwa juu yao, kwa sababu linapangwa kwa dhahabu kwanza: sisi moja, wao hawana hata moja, wana fedha mbili na shaba mbili. Mwenye banda hakumkatalia. Alichora mstari, akaandika hesabu nyingine wanayoitumia, si ile ya safu ya tatu, bali ile inayompa wa kwanza pointi nane, wa pili saba, hadi wa nane pointi moja. Tanzania: nane. Zote za Simbu. Ethiopia kwa fedha zao mbili tu wana kumi na nne, hujagusa shaba wala wa nne. Kenya, dhahabu saba na medali kumi na moja, hakuiandika, alisema chaki ni ghali. Dereva akakaa kimya, kisha akasema bado tumewapita. Nilimpenda kwa hilo, ila ubao ndio unaosema ukweli: nchi nzima ilikuwa imebebwa na mtu mmoja.

Mengine ya banda kwa kifupi. Kiingilio shilingi 500 mchana, 1,000 usiku. Mabenchi hayana mgongo. Sauti usiku inapunguzwa kwa ajili ya majirani, kwa hiyo mtangazaji utamsoma midomo. Kahawa nzuri, chapati za jana. Jenereta lipo na linawaka, hilo nalisifu. Udhaifu mkubwa ni pale Simba au Yanga wanapocheza siku ya Diamond League, yale mashindano ya riadha yanayozunguka miji ya dunia: riadha inahamishiwa kwenye kiruninga kidogo cha kona, na mkimbiaji wa mita 5,000 pale anaonekana kama sisimizi.

Nyota nne kati ya tano. Akina dada, nendeni, pana heshima na taa mlangoni, na mkifika msaidieni kumwambia ampandishe Magdalena juu.