Toyota Crown ya mwaka 2003: gari ya familia kwa barabara za Unguja

Kwa mtu wa Unguja anayetaka gari kubwa ya familia yenye hadhi, naona Toyota Crown ya toleo la kumi na mbili, lililotoka Japani Desemba 2003, inastahili kuangaliwa kabla ya nyingine, mradi achague aina inayofaa barabara zetu.

Sababu yangu inaanzia mbali. Crown ya mwanzo ilitoka Januari 1955, ikiwa na injini ya lita 1.5 yenye nguvu za farasi 48, na magurudumu yake ya mbele yalisimama juu ya springi za koili, kila moja likijitegemea, ili abiria wastarehe katika barabara za Japani ambazo wakati ule nyingi hazikuwa na lami. Kwa kuhofia kwamba wenye teksi wangeuona muundo huo kuwa dhaifu, kampuni iliwaundia gari nyingine iliyoitwa Master, lakini wao wenyewe wakaipendelea Crown, na Master ikaachwa mwaka uliofuata. Crown ilipopelekwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950, haikumudu mwendo wa barabara kuu za huko. Asili yake, basi, ni utulivu na wala si kasi, jambo ambalo sisi wenye matuta kila penye skuli tunalihitaji zaidi.

Toleo la 2003 lilibadili mengi: injini za silinda sita zilizopangwa mstari mmoja ziliondoka, zikaja za V6, yaani silinda sita zilizopangwa kwa safu mbili mfano wa herufi V, ya lita 2.5 yenye nguvu za farasi 215 na ya lita 3.0 yenye 256. Kasi ilikuja, na starehe haikupotea. Familia inayotoka mjini kwenda Makunduchi siku ya Mwaka Kogwa itafika bila wazee waliokaa nyuma kulalamika mgongo.

Hata hivyo, vijana wengi hukimbilia Athlete, aina ya Crown hii yenye mwelekeo wa kimichezo, kwa sura yake, nami sikubaliani nao, kwa sababu springi zake ni ngumu zaidi, na anayeingia vijijini kwa njia za mawe atalihisi kila jiwe. Royal, aina yake ya starehe, ndiyo inayotufaa. Anayechukua injini ya lita 2.5 ajue kwamba mafuta hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo masizi hujikusanya kwenye vali, hasa kwa safari fupi za mjini. Injini ikitetema gari ikiwa imesimama, fundi aitazame kabla ya fedha kutolewa. Chini ya gari nako pakaguliwe kutu, maana hewa yetu ya chumvi haina huruma.

Redio yake ya Kijapani hushika megahezi 76 hadi 90 tu, na stesheni zetu nyingi za FM ziko juu ya hapo, kwa hiyo kifaa cha kuhamisha masafa kiingizwe kwenye hesabu ya ununuzi.