Mifuko ya kuhifadhia komiki za zamani: uzoefu wangu baada ya mwaka mmoja Kibokoni

Nilinunua pakiti hii ya mifuko angavu 100 na kadi ngumu 100 za kuweka nyuma ya komiki mwezi Machi mwaka jana, masika yakiwa bado hayajaanza. Ilinitoka shilingi 6,800 pamoja na usafiri mpaka Mombasa. Sikutaka kuandika lolote mapema, maana hapa kwetu kitu cha kukinga karatasi hakisifiwi mpaka kipite mvua za Mei.

Nianze na ninachohifadhi. Nina komiki mia moja na arubaini na ushei. Nyingi ni Commando, vile vijitabu vya vita ambavyo kampuni ya D.C. Thomson ya Scotland ilianza kuvichapisha mwaka 1961. Rika la baba yangu wanavijua vizuri. Vilikuwa vinaingia mfukoni mwa suruali na kusomwa chini ya dawati. Kurasa za ndani ni nyeusi na nyeupe tupu. Rangi yote iko kwenye jalada, na jalada lilipakwa kwa brashi kama mchoro wa kutundikwa ukutani. Ian Kennedy, aliyeanza kuwachorea majalada mwaka 1970, alipaka zaidi ya 1,000, na kwa ndege za kivita sijaona wa kumfikia.

Ninalo moja lenye ndege inayojipinda juu ya bahari. Ukilitazama kwa mbali, bawa ni la kijani. Ukilisogeza karibu na macho, kijani hakipo kabisa: ni kijivu, kahawia kidogo, na mkwaruzo mmoja wa njano pale jua linapopiga. Nimelitazama mara ngapi sijui, na kila mara natafuta hasa ni umbali gani kijani kinazaliwa. Hilo peke yake lilitosha kunifanya nitafute mifuko ya maana.

Nyingine ni za Phantom, yule shujaa wa msituni mwenye kinyago, zilizotolewa Bombay kwa jina la Indrajal kuanzia 1964. Hizi nilizipata kwa jirani wa Kihindi aliyekuwa akihama Makadara. Majalada yake mengi ni kazi ya Govind Brahmania, mtu asiyeogopa rangi: anga nyekundu, msitu wa buluu, farasi mweupe katikati. Na ninazo nakala sita za Joe, gazeti la vichekesho na katuni ambalo Hilary Ng'weno na Terry Hirst walilianzisha Nairobi mwaka 1973. Hizo sita ndizo roho yangu.

Sasa, nyumba yetu ni ya mawe ya matumbawe na chokaa. Ni baridi na nzuri, lakini kuta zake hunywa maji. Upepo wa bahari nao huja na chumvi. Komiki ya zamani imebanwa kwa pini mbili za chuma, na pini ndizo zinazotangulia kuoza: kutu inaanza kama kidoa cha chai kwenye mgongo wa jalada, kisha karatasi inalainika pale pale na jalada linachomoka. Karatasi yenyewe ni ya bei rahisi, ya mti uliosagwa, ina asidi yake tangu kiwandani, ndiyo maana inakuwa ya kahawia na kuvunjika kama mkate mkavu. Ongeza mende, na wale wadudu wadogo wa rangi ya fedha wanaokimbia ukifungua kitabu.

Mzee ninayenunua komiki kwake huzifunga kwa kamba ya katani, bunda la ishirini ishirini. Kamba inakata kingo. Nilimwambia, "Ami, kamba hii inaziumiza." Akanijibu, "Mwanangu, nisipozifunga upepo utazipeleka Feri." Tumekubaliana: siku hizi anaweka vipande vya boksi juu na chini ya bunda kabla ya kufunga, nami namwongezea shilingi hamsini.

Kabla ya mifuko hii nilitumia ile ya kutilia vyeti, ya duka la vifaa vya ofisi. Ilikuwa ya plastiki aina ya PVC, nami sikujua tofauti. Baada ya joto la kaskazi moja, plastiki ilishikana na wino. Nilipoivuta, kipande cha anga nyekundu ya Phantom kilibaki kwenye mfuko, ukubwa wa ukucha. Jalada lile bado ninalo, na kila nikiliona moyo unauma.

Hii mipya ni ya plastiki nyingine, polipropilini, na hapo ndipo pesa yangu ilipokwenda vizuri. Haina harufu, haikushikana na jalada hata moja mwaka mzima, na uangavu wake ni wa kweli. Lile bawa la ndege nalitazama ndani ya mfuko na ile njano naiona.

Kadi ni habari nyingine. Muuzaji ameandika kwamba hazina asidi. Nilizipima kwa kalamu maalumu inayogeuka zambarau pakiwa salama na njano pakiwa na asidi. Upande unaong'aa ukatoa zambarau, upande wa pili njano. Maana yake kinga imepakwa juu juu, upande mmoja tu. Si kadi mbaya, ila ni lazima jalada la nyuma la komiki lielekee upande unaong'aa, na baada ya miaka michache zibadilishwe. Hilo lingepaswa kuandikwa kwenye pakiti. Mwanzoni niliziweka nyingi kinyume, ikabidi nirudie kazi ya usiku mzima.

Kosa kubwa zaidi ni ule utepe wa gundi kwenye kifuniko cha mfuko. Ukitoa komiki bila kuangalia, gundi inakamata kona ya jalada. Niliponea chupuchupu kwenye Joe moja. Tangu hapo naukata utepe kwa mkasi, nakunja kifuniko nyuma ya kadi, basi. Mifuko isiyo na gundi ipo sokoni na ni bora kwa mtu anayependa kutoa na kutazama.

Kuhusu vipimo: imekatwa kwa komiki za Kimarekani, kama inchi 7 kwa 10 na nusu. Za Phantom ziliingia bila taabu. Commando ni fupi, zinaelea mle ndani, kwa hiyo nilikata kadi na kukunja plastiki iliyozidi. Joe hazikuingia kabisa. Zinataka mfuko wa ukubwa wa gazeti.

Na Mei ilipofika? Nilikuwa nimeacha nakala kumi zilizojirudia bila mifuko, rafu ile ile. Mwezi wa Julai zote kumi zilikuwa na kutu mpya kwenye pini, na tatu zimeota ukungu. Zilizo ndani ya mifuko zilikuwa kama nilivyoziweka, isipokuwa ishirini za kwanza. Hizo nilizifunga usiku wenye unyevu, madirisha wazi, nikafungia maji humo humo pamoja na komiki. Nne zilitoka na vidoa vya ukungu. Hapo mfuko hauna lawama. Siku hizi kila komiki mpya inalala siku mbili kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko pamoja na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu, vile vya chembe za rangi ya chungwa, ndipo inaingia mfukoni. Chembe zikibadilika kuwa kijani, nazikausha kwenye kikaango kisichopikiwa tena. Na boksi lisiguse ukuta: liwe juu ya mbao, hewa ipite nyuma.

Jambo moja mfuko hauwezi: mwanga. Wekundu na unjano hupauka kwanza, ndiyo sababu picha za mitindo kwenye vioo vya vinyozi hubaki buluu tupu. Kwa hiyo natoa jalada moja tu kwa wiki na kulisimamisha kwenye rafu ya ndani, mbali na dirisha, kisha linarudi gizani.

Nimetoa nyota nne. Ningetoa tano kama si ile gundi. Nimeshaagiza pakiti ya pili, isiyo na utepe, na mifuko kumi mikubwa kwa ajili ya Joe, ambazo kwa sasa nimezifunga kwa karatasi nyeupe na kuzilaza kwenye kasha la bibi, zimelala bapa, bila kitu juu yake.