Hedifoni za besi kwa kompyuta ukiwa na elfu sabini tu

Nianze na ile iliyonila pesa maana ndo iliyonifungua macho. Nilienda Kariakoo na elfu 70 mfukoni, nataka hedifoni ya kusikilizia mziki kwenye laptopu, besi iwe nzito, basi. Kabla sijafika hata Mtaa wa Aggrey winga, wale madalali wa kuvuta wateja, kashanidaka, "bosi unatafuta nini niko hapa", nikamwambia, akanipandisha ghorofani kwenye fremu imejaa maboksi mpaka dari, akashusha dude moja lina mataa yanabadilika rangi, vikombe vikubwa kama vibakuli vya supu, boksi zima limeandikwa besi besi na "50mm" kwa maandishi ya dhahabu. Nikalivaa, akanipigia amapiano kwa simu yake sauti mwisho, kichwa kikatetemeka, nikalipa elfu 55 nikashuka ngazi najiona mjanja wa mji.

Nyumbani sasa. Amapiano sawa, haina neno, ule mdundo wake wa taratibu unazama vizuri tu. Nikaweka singeli. Aisee. Si unajua singeli inakimbia, midundo 200 kwa dakika ni kawaida na wengine wanaenda mpaka karibu 300, sasa kwenye lile dude mdundo mmoja haujamaliza kuunguruma wa pili ushafika, wa tatu uko mlangoni, mwisho inakuwa muungurumo mmoja mrefu kama jenereta la jirani na MC anaongea akiwa ndani ya ndoo. Nikajaribu taarabu, gitaa la besi likamfunika mwimbaji mpaka vijembe havisikiki, na taarabu bila vijembe ni nini jamani.

Ndo nikaanza kuchimba, na nilichokuja kukielewa ni kwamba hiki tunachoita besi sio kitu kimoja. Kuna ile ya chini kabisa, Hz 20 mpaka 60 hivi, yaani mitetemo 20 mpaka 60 kwa sekunde, hiyo unaihisi zaidi ya kuisikia, na kuna ya juu yake, 60 mpaka 250, ile ya ngumi, ya ngoma na gitaa la besi. Hedifoni nyingi za bei rahisi zinajaza pale kwenye 150 na 200 kwa sababu pale ni rahisi kutoa kelele nyingi, ukivaa dukani dakika mbili unasema hii kali, lakini hapo ndipo sauti za wanaume na magitaa zinapoanzia, kwa hiyo ukipajaza lazima kila kitu kiwe kama kimefunikwa blanketi. Na kule chini kwenye 40 hakuna kitu kabisa, patupu.

Halafu hiyo namba ya milimita, yaani upana wa spika ya ndani. Watu wanaisoma kama inchi za TV, kubwa ndo bora. Sio. Sony MDR-XB550AP, toleo la zamani kidogo la ile familia yao ya Extra Bass, spika yake ya ndani ina milimita 30 tu na inashuka chini kuliko lile dude langu la 50. JBL Tune 500 ina 32. Kinacholeta besi ya kweli kwenye hedifoni iliyofungwa nyuma, ile ambayo vikombe vyake havina matundu, ni jinsi sponji inavyoziba sikio, hewa isipite, maana mawimbi ya chini yanahitaji ile hewa ya ndani ibanwe, ukiacha upenyo hata mdogo besi inatoroka yote na kinachobaki ni sauti ya bati. Mimi navaa miwani, mkono wa miwani unapita chini ya sponji, nikiivua tu besi inaongezeka, nimelijaribu hilo mara kibao nikidhani najidanganya.

Kwa hiyo safari ya pili sikumfuata winga. Hiyo Sony niliipata used kwa elfu 45 kwa kijana anayeuza vitu vya mkononi, sponji zimekauka zinapukutika vipande vyeusi kwenye masikio, alikuwa kaivaa miaka. Nikaivaa palepale nikawaza duh, besi iko wapi? Nikabonyeza vikombe kwa viganja. Besi ikarudi kama mtu kafungua bomba. Hapo nikajua spika ni nzima, tatizo ni sponji, nikalipa, nikaenda kutafuta sponji za kufanana, elfu 8, nikabandika mwenyewe usiku ule. Sasa hivi ndo hedifoni ninayoivaa kuliko zote, besi imeshiba, inashuka mpaka kule chini kwenye filamu unapopita mlipuko unajua umepita, na kwenye singeli inajitahidi, haitenganishi kila pigo lakini MC anasikika maneno. Tatizo lake ni la hedifoni zote zinazokaa juu ya sikio badala ya kulizunguka, ukimaliza saa moja na nusu masikio yanadai likizo, na Dar hii bila feni unatoka jasho kama umetoka kwenye daladala la saa kumi na moja jioni. Waya wake una kama mita 1.2, kwa laptopu unatosha, kwa kompyuta ya mezani iliyo chini ya meza utahitaji ya kuongezea.

Kama hutaki used, JBL Tune 500 ya waya nimeisikiliza ofisini kwa rafiki siku kadhaa, besi imeongezwa ila kwa adabu, ngumi iko zaidi ya ile ya kuzama, kwa bongo fleva ni saizi yake kabisa. Ila hapa angalia sana feki. Za brandi kubwa ndo zinazoigwa kuliko zote, na boksi siku hizi wanaiga mpaka stika, usinunue kwa kuangalia boksi, nunua kwa kusikiliza.

Nyingine ambayo watu hawaitegemei ni Koss Porta Pro. Hii ni ya mwaka 1984, hujasoma vibaya, na bado inatengenezwa na umbo ni lilelile, chuma chembamba na sponji ndogo za kawaida za povu, ukiivaa unaonekana kama mtu wa kaseti. Shemeji alikuja nayo kutoka Marekani akaniachia wiki nzima. Iko wazi nyuma kwa hiyo kwa hesabu nilizozieleza pale juu isingepaswa kuwa na besi, lakini ina joto fulani hivi, ya chini kabisa haina ila kuanzia Hz 60 au 70 kwenda juu ni nene, tamu, na nyepesi kichwani mpaka unasahau umeivaa. Taarabu na dansi la zamani kwenye hii ni raha tupu, gitaa la besi linatembea na unaliona linavyotembea. Ila kila mtu chumbani anasikiliza na wewe, na wewe unasikia kila kinachoendelea nje, muadhini, muuza maji, kuku. Kama unaishi chumba kimoja na mtu anayelala mapema achana nayo.

Kuna na watu wanaosema nunua Beyerdynamic DT 770 Pro umalize kazi. Nzuri kweli, lakini kwanza sio bajeti hii, pili inakuja na matoleo ya omu 32, 80 na 250, omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme, ikiwa kubwa hedifoni inakuwa ngumu kusukumwa, hiyo ya 250 ukichomeka kwenye laptopu ya kawaida inatoa sauti ya kunong'ona, inataka amplifaya. Kwenye bajeti yetu tafuta ya omu 16 mpaka 60 hivi, laptopu inaisukuma bila shida.

Bluetooth sitaongea sana. Ni nzuri kwa kutembea. Kwenye kompyuta shida yake ni kwamba ukiwasha maiki yake kwenye kikao cha mtandaoni nyingi zinahamia kwenye hali ya simu na mziki unageuka redio ya mkulima, halafu ukicheza gemu mlio unachelewa nyuma ya picha. Kwa pesa ileile, ukichukua ya waya unapata sauti bora, basi.

Sasa sehemu ambayo mawinga hawakwambii kwa sababu haiuzwi. Kwenye kompyuta unaweza kuweka ikwalaiza ya mfumo mzima, yaani programu ya kupandisha na kushusha besi na sauti nyingine kwa kila kinacholia kwenye mashine. Kwenye Windows kuna programu inaitwa Equalizer APO, bure, na kuna Peace ambayo inaiwekea sura ya kueleweka maana yenyewe iko kifundi sana. Unainstoli, unatiki kifaa chako cha kutolea sauti, unarestati mashine. Linux kuna EasyEffects. Mimi nilichofanya kwenye Sony ni kushusha kidogo kwenye 200, desibeli 3 hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na kuinua chini ya 60 desibeli 4, ile blanketi ikaondoka na besi ikawa imeongezeka, yaani umepunguza na ukapata zaidi. Muhimu sana, ukiinua besi desibeli 4 basi kwenye Preamp, ile ya kupandisha na kushusha sauti nzima mle kwenye programu, shusha 4 au zaidi, la sivyo sauti inapasuka kwenye midundo mizito na utadhani hedifoni imekufa, mimi nilikaa siku mbili nalaumu waya. Na kabla ya yote ingia kwenye mipangilio ya sauti uzime zile za kiwandani, Bass Boost na wenzake, ikwalaiza mbili zikipandana ni fujo.

Ukiwa na kompyuta ya mezani na unasikia mvumo wa chini au vijimlio ukizungusha mausi, hamisha pini kutoka tundu la mbele uweke la nyuma, mara nyingi unaisha. Kama hauishi, saundi kadi ndogo ya USB ya bei rahisi inatosha.

Ukienda dukani nenda na miziki yako kwenye simu, mitatu tu, mmoja wa besi ya kuzama, mmoja wa kukimbia, mmoja wa mtu anaimba na vyombo vichache. Sikiliza kwa sauti ya kati, sio ya mwisho anayokupigia muuzaji, ya mwisho kila kitu ni kitamu. Mwimbaji akipotea besi ikiingia, weka chini. Halafu bonyeza vikombe kwa viganja kama nilivyofanya mimi, besi ikiruka sana ujue haikuzibi kichwa chako, jaribu nyingine hata kama mwenzako anaisifia, vichwa havifanani. Tikisa kichwa. Zungusha waya pale kwenye pini, ukisikia upande mmoja unakatika, mrudishie.

Na kuhusu masikio, Shirika la Afya Duniani (WHO) wanasema desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki ndo mpaka kwa mtu mzima, na mtu wa kompyuta saa 40 anazimaliza Ijumaa. Hedifoni inayoziba vizuri inakusaidia hapo maana huhitaji kupandisha sauti ili kuishinda feni.

Lile dude la mataa bado lipo, mdogo wangu kalichukua anachezea gemu, juzi ananiambia kaka hii besi yake haina mfano, na mimi sijamwambia kitu.