Nimeiangalia Confessions of a Shopaholic kwa Jicho la Mlokole, na Namtetea Mdai Madeni

Bwana Yesu asifiwe wapendwa! Na wewe ambaye si mpendwa ila umebofya kwa sababu ya vile viatu kwenye picha, karibu, kaa hapo. Leo simkemei mtu. Leo tunachambua filamu.

Confessions of a Shopaholic, ya 2009. Najua wengi mmeshaiona, wengine mmeiona ikiwa na sauti ya mtafsiri inapiga kelele juu ya sauti ya waigizaji, kwa hiyo hadithi napita mbio. Binti anaitwa Rebecca Bloomwood, mwandishi wa magazeti New York. Kununua ndio starehe yake, ndio dawa yake ya huzuni, ndio kila kitu. Deni la kadi limepita dola 16,000. Halafu huyo huyo anapata kazi kwenye jarida la kufundisha watu kuweka akiba, na bosi wake, Luke, ni kijana wa Kiingereza, mtanashati, hajaoa. Haya, mwisho mnaujua. Ni vichekesho vya mapenzi hivi, hakuna atakayezikwa.

Waongozaji, bajeti, sijui ilirekodiwa wapi, mtasoma wenyewe. Nitamtaja Isla Fisher tu, anayeigiza Rebecca, kwa sababu bila huyu dada filamu ingekuwa tangazo la duka la nguo la saa moja na dakika arobaini na kitu. Anaanguka vizuri, anadanganya vizuri, na akiona kitu dirishani macho yanamtoka kabisa.

Sasa. Barafu. Hapa ndipo nilipowaitia.

Rebecca akibanwa, anachukua kadi yake ya mkopo, anaiweka kwenye maji, anaigandisha. Nia ni kwamba ukishikwa na hamu ya kununua, usubiri barafu iyeyuke, na mpaka iyeyuke hamu nayo imepoa. Msidhani ni utani wa filamu, huo ni ushauri ambao washauri wa fedha kule Marekani wameutoa miaka mingi. Nikasema ngoja tuujaribu. Dogo, sogeza kamera huku. Hapana, chini kidogo. Hapo.

Hili ni kopo la Blue Band. Kila nyumba inalo, na ukilifungua kwenye friji hukuti Blue Band. Ndani kuna kadi yangu ya benki iliyoisha muda, imelala usiku kucha. Nalichovya kwenye maji ya moto kidogo ili litoke... limetoka. Mmeona? Inaonekana vizuri kabisa. Na hii ndiyo kasoro ya kwanza, jamani: namba zinasomeka! Mimi nikitaka kununua mtandaoni leo sihitaji kadi, nahitaji namba kumi na sita za mbele na tatu za nyuma. Nalishika barafu langu mkononi, nasoma, naandika, nalirudisha kwenye friji, na mzigo unakuja. Hapa nimezifunika kwa stika, acheni kukodoa macho.

Mwaka 2009 wengi walikuwa bado wanaibeba kadi mpaka kwa muuzaji. Ndiyo maana Rebecca, siku ya mnada wa nguo za bei ya kutupa, inabidi aivunje ile barafu, na anaivunja kwa kiatu. Mimi ninacho hiki, cha mitumba, kisigino chembamba. Tuone. Pa! Imeteleza. Dogo shika meza. Pa! Pa! Kipande kimeruka, kiko wapi, kiko huko chini ya kochi. Angalia hapa pembeni, kisigino kimetoboa, ufa umekwenda moja kwa moja mpaka kwenye kadi. Nageuza, nagonga upande wa pili... hiyo hapo. Kadi mkononi, imelowa, haina hata mkwaruzo. Dakika mbili hazijaisha, na ninaongea na nyinyi hapo hapo.

Sasa rudini kwenye filamu mumwangalie uso anapogonga. Yule dada anajua. Akili inamwambia acha, mkono unaendelea. Nimesikia Warumi 7 ikihubiriwa mara nyingi, lile jema nilipendalo silitendi, lakini kuiona kwa kiatu na barafu ni kitu kingine. Kuna mwenzangu wa chaneli nyingine, simtaji, alisema hii filamu haina kina. Kaka, uliiangalia ukiwa unakula nini?

Na kwetu huku hilo barafu halina kazi hata kidogo, kwa sababu watu wengi hatudaiwi na kadi. Tunadaiwa na simu. Utaigandisha simu? Mkopo unaingia ukiwa umelala kitandani, hakuna binti wa kaunta wa kukutazama, hakuna kusaini. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yanakopesha bila leseni. Sitini na tisa! Hapo bado hujahesabu kausha damu wa mtaani, wale wa rejesho la kila wiki wanaokuja na daftari na kuondoka na tivii.

Kabla sijaendelea, tangazo dogo. Kipindi cha moja kwa moja kimehama, sasa ni Jumapili jioni badala ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi ni mazoezi ya kwaya na mwalimu wetu hataki kusikia habari za chaneli ya mtu. Na wale mnaouliza filamu naipata wapi, kwenye maduka ya mtandaoni inakodishwa chini ya dola 4, kama elfu kumi hivi ya kwetu. Bei nzuri kwa kukodi. Kununua kabisa, hapana, labda wewe ni Rebecca.

Turudi. Skafu ya kijani. Inauzwa dola 120, na Rebecca anailipia kwa vipande: pesa taslimu kidogo, kadi hii kidogo, kadi ile kidogo, na ya mwisho inagoma. Zinapungua dola 20. Anakimbia barabarani kwa muuza hot dog, anataka kumpa hundi yule mzee ili arudishiwe taslimu. Watu wako kwenye foleni wana njaa zao. Na sababu anayoitoa? Skafu ni ya shangazi mgonjwa. Shangazi! Hakuna mtu aliyemuuliza habari za shangazi. Kijana mmoja kwenye foleni anampa hiyo 20 ili mambo yaishe, na huyo ndiye atakuja kuwa bosi wake.

Mimi hapo ndipo filamu iliponishika, kwa sababu kuanzia pale angalieni mpangilio. Kila pesa inayotoka, mbele yake umetangulia uongo. Anadanganya kwenye wasifu wake wa kazi kwamba anajua Kifini. Mdai madeni, Derek Smeath, akimpigia simu anatunga misiba na magonjwa. Halafu bosi akimuuliza huyu Derek ni nani, anajibu ni mpenzi wa zamani anayemsumbua. Yaani mtu anadai haki yake, umemgeuza kichaa. Wapendwa, deni hesabu zake zinaweza kukaa kwenye karatasi moja. Kinachomtafuna huyu binti ni kukumbuka nani alimwambia nini. Tunapenda kunukuu Mithali 22:7, akopaye ni mtumwa wake akopeshaye, na ni kweli, lakini hii filamu ingepewa Mithali 28:13: afichaye dhambi zake hatafanikiwa, bali yeye aziungamaye na kuziacha atapata rehema.

Na hapo ndipo ninapogombana nayo. Jina la filamu linaahidi maungamo. Haungami! Anafumaniwa. Derek anamfuata mpaka kwenye kipindi cha televisheni, anamuumbua mbele ya taifa zima, na ndipo machozi yanatoka. Kati ya kuumbuliwa na kuungama kuna bahari nzima, na mwandishi wa filamu ameivuka kwa wimbo na mvuto wa msichana mrembo analia. Nilitaka aende ofisini kwa yule kijana kabla, siku moja tu kabla, aseme, Luke, yule mtu si mpenzi wangu, ananidai. Sekunde kumi. Hawakutupa.

Tukiwa kwenye maungamo, kuna kikundi cha waraibu wa manunuzi, wanakaa kwenye duara, kila mtu anasema shida yake. Rebecca anafika mara ya kwanza, anasimama, anaanza kuelezea raha ya kununua: harufu ya viatu vipya, unavyojisikia ukitoka dukani. Anaelezea vizuri mpaka wenzake wanaanza kupata kiu upya. Nilicheka nikasimamisha filamu. Hizo si ndizo shuhuda zetu? Mtu anapewa dakika tano madhabahuni. Dakika nne na nusu ni disko, bia na wanaume aliowahi kuwa nao, kanisa limetulia tuli, vijana wa nyuma wamesogea mbele. Halafu, "lakini namshukuru Mungu ameniokoa, Bwana asifiwe," anashuka.

Baadaye kikundi kinapata kiongozi mkali, Miss Korch, anawalazimisha watoe vitu vyao. Rebecca anatoa nguo mbili, ile ya kuvaa kwenye televisheni na gauni la kumsimamia rafiki yake Suze harusini. Akirudi kuzinunua pesa inatosha moja tu. Anachukua ya televisheni. Aliyempikia, aliyempa pa kulala, aliyemsikiliza, gauni lake linabaki pale. Hilo limefanyika kimya kimya, watu wengi hawalizungumzii, na kwangu ni dhambi kubwa kuliko zile dola 16,000.

Mavazi yenyewe? Yamebuniwa na Patricia Field, yule yule wa The Devil Wears Prada ya 2006. Ile ya 2006 kila nguo ina maana, inamwambia mtu cheo chake. Hapa nguo zinapiga kelele zote kwa pamoja, rangi ya waridi juu ya zambarau juu ya manyoya. Mwanzo iliniudhi. Nilivyoendelea nikaona labda ndivyo kabati la mtu wa namna hii linavyokuwa, hana anachokipenda, ana alivyovinunua. Hata hivyo, kwa uigizaji na maandishi, ile ya 2006 inaishinda mbali.

Wazazi sasa, John Goodman na Joan Cusack. Hawa walipaswa kupewa muda zaidi. Mama ni mtu wa kubana matumizi, alimvalisha binti viatu vya kudumu vya bei ya punguzo wakati wenzake shuleni wana vya kung'aa, na mtoto akawa anawatazama wasichana wenye kadi akidhani ni kadi za maajabu, pesa hazihitajiki. Yaani mama mwema, kabana matumizi vizuri, na binti kaangukia upande wa pili. Baba akijua deni la mwanawe hamhubirii. Anamwambia kama uchumi wa Marekani unadaiwa mabilioni na bado upo, na yeye ataishi. Na kumbukeni hii ilitoka Februari 2009, miezi mitano tu baada ya benki ya Lehman Brothers kuanguka. Watu walikuwa wanapoteza nyumba zao huku wanaangalia binti anagombania buti. Utani wa baba ukumbini ulikuwa unachoma.

Baba anataka hata kuuza gari lao la kusafiria amsaidie. Binti anakataa. Hapo nilimpenda. Anauza nguo zake zote, skafu nayo inapigwa mnada, analipa kila senti. Zakayo, Luka 19! Hakuishia kusema samahani, alitoa mali. Filamu ngapi za Marekani zinamwacha mtu alipe kweli, badala ya kuolewa na tajiri deni likapotea katikati ya busu? Hii inalipa. Alama zangu nyingi zimetokea hapo.

Kwa familia za kilokole: hakuna uchi, kuna mabusu, na kuna usiku wa Rebecca na Suze kunywa pombe huku wanafungua bili. Binti wa kidato cha pili na kuendelea angalieni naye, na mumwache aulize maswali. Wadogo watachoka na habari za riba.

Lakini malipo yenyewe! Anamlipa Derek kwa chenji. Sarafu. Makusudi, apate tabu kuzihesabu, na sisi tushangilie. Nimecheka, sikatai. Ila Derek amekosa nini? Alipiga simu, akadanganywa. Akaandika barua, akafichwa. Akaitwa mpenzi kichaa mbele za watu. Ndiyo, televisheni alizidisha, na ana kiburi. Lakini Luke aliombwa radhi, Suze aliombwa radhi, gauni lake likatafutwa mpaka likapatikana limevaliwa na mama mmoja wa mtaani. Derek kapewa ndoo za sarafu. Mimi namtetea Derek. Nitukaneni huko chini kwenye maoni, nitajibu Jumapili, baada ya ibada.