Ruzuku: kilimo hai au kilimo cha kemikali?

Ruzuku ya kilimo cha kemikali ni rahisi kuigawa: serikali inashusha bei ya mbolea, mkulima anabeba mfuko wake, mavuno yanaonekana msimu uleule. Ila anayenunua mifuko mingi ndiye anayefaidi zaidi, na anayetumia samadi hapati kitu.

Kilimo hai, yaani kisichotegemea mbolea na dawa za viwandani, kinataka msaada wa namna nyingine. Sheria za Umoja wa Ulaya zinadai shamba la mazao ya msimu lipitie mpito wa miaka 2 likilimwa kwa njia hiyo, la miti ya matunda miaka 3, kabla ya mazao kuuzwa kwa nembo ya kilimo hai. Hapo ndipo mkulima anapoumia: mara nyingi mavuno hushuka, bei bado ni ileile ya zamani, na mkaguzi anadai ada. Mimi ningeweka fedha kwenye miaka hiyo kwanza.