Uzoefu wangu na fonti ya Bebas Neue kwenye mabango

Mi nafanya mabango na stika hapa Mwanza, na kiukweli kinachosumbua kwenye bango la Kiswahili ni urefu wa maneno. Mteja anakuja anataka TUNATENGENEZA MILANGO NA MADIRISHA YA ALUMINIUM, bango lenyewe mita 3 kwa 1, afu anataka mtu aliyekaa kwenye daladala alisome. Hilo TUNATENGENEZA peke yake lina herufi 13! Zamani nilikuwa nachukua Arial naibana kwa mausi mpaka iingie, na ukiibana hivyo mistari ya wima inakonda ila ya kulala inabaki minene vilevile, yaani herufi inaonekana imefinywa na mlango.

Bebas Neue imechorwa nyembamba tangu mwanzo, ndo tofauti yenyewe. Aliyeichora ni Mjapani, Ryoichi Tsunekawa wa Dharma Type, studio yake ya kuchora fonti, unene wa mistari unalingana karibu kila mahali, na O yake sio duara, ubavu umenyooka afu juu na chini ndo panapinda. Halafu kwa kuwa ni herufi kubwa tupu hakuna mikia ya g wala y inayoshuka, kwa hiyo mistari miwili mitatu naibananisha bila kugongana na maneno yanapanda urefu bango lote linajaa, hapo ndo nilipoipenda.

Bei ni bure. Iko Google Fonts, ile tovuti ya fonti za bure, kwa lisensi ya wazi ya SIL (yaani ruhusa ya kuitumia bure), kazi ya mteja ya kulipwa unaifanya bila wasiwasi, usichoruhusiwa ni kuichukua fonti yenyewe ukaiuza peke yake. Canva nako, ile programu ya kubuni mtandaoni, ipo.

Sasa usiitumie kila mahali jamani. Ukibonyeza herufi ndogo inatoka kubwa tu. Mwaka jana nilipanga kadi za mchango wa harusi zote kwa Bebas, mpaka majina ya kamati na maelezo ya chini, mama mmoja wa kamati akanirudishia, "mwanangu, mi hapa naona uzio tu, maneno siyaoni." Alikuwa na haki, nikachapa upya kwa hela yangu. Tangu hapo Bebas nampa kichwa cha habari, maelezo naweka fonti ya Open Sans yenye herufi ndogo, na ikibidi iwe ndogo naachanisha herufi kidogo zipumue. 0 na O pia zinafanana mno, angalia ukiandika kitu chenye namba na herufi pamoja.

Na mnaotengeneza mabango ya bucha, NG'OMBE ile alama ya juu msiweke ya wima iliyonyooka, kati ya herufi nyembamba hivyo inasomeka kama I iliyokatika. Wekeni iliyopinda, afu isogezeni kwa mkono mpaka ikae karibu na G. Mi nilifanya hivyo wiki iliyopita, NG'OMBE NA MBUZI inasomeka ukiwa ng'ambo ya barabara.